Maji Yaliyopanda Ngazi

Shule yetu ya Kyeshero ina lango la chuma, na lango lile lina mwenyewe. Mwenyewe ni Préfet Kataliko, mkuu wa shule. Bendera ikishapanda na wimbo ukaisha, analifunga kwa mkono wake mwenyewe, kisha anasimama ndani, mikono mgongoni, akituangalia sisi tuliobaki nje, tumepigishwa magoti kwenye kokoto, kama mtu anayeangalia mbuzi wa jirani. Pale nje wasichana huwa wengi kuliko wavulana. Kwa miaka yote niliyosoma pale sijasikia mtu akiuliza kwa nini.

Mimi nilikuwa mwanachama wa kudumu wa kundi la nje. Jina langu Saumu, binti ya Jumaine dereva, mwaka wa sita, sehemu ya sayansi. Watu watakuambia sina adabu. Waache waseme. Ningekuwa na adabu wanayoitaka wao, ningekuwa nimeshafukuzwa kimyakimya na hakuna ambaye angelijua jina langu.

Nilikuwa ninachelewa kwa sababu ya maji. Bomba la mtaani kwetu lilikauka zamani, kwa hiyo maji yetu ni ya ziwani. Mama alikuwa amejifungua, wadogo zangu wote walikuwa bado hawafiki kiunoni kwangu, na kazi ikabaki yangu. Unashuka alfajiri, unapanga foleni, mtu wa klori anakutilia dawa kwenye bidoni, dumu lako la plastiki, kwa sindano, halafu unapanda na lita ishirini mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, juu ya mawe ya volkano yasiyojua huruma. Ukifika nyumbani unamimina, unarudi tena, maana mtoto mchanga anachafua nguo nyingi kuliko waziri. Ndipo uvae sare, ndipo ukimbie, ndipo ulikute lango limefungwa.

Na Papa je? Papa anaendesha Fuso ya maharage kati ya Kiwanja na Goma. Njia ikiwa nzuri hatumwoni wiki nzima. Mwaka ule njia haikuwa nzuri, leo imefunguliwa, kesho imefungwa, na gari likawa linashinda uani kwa tajiri wake. Papa naye akawa anashinda nyumbani. Asubuhi nilipotoka na bidoni yeye alikuwa ameshasali na kurudi kulala. Sikumlaumu. Hata wazo la kumlaumu halikuwahi kunijia, maana kwetu mwanamume mzima habebi maji, na hakuna aliyewahi kutuonyesha palipoandikwa hivyo.

Préfet alikuwa ameshaniita na kuniambia kwamba uvumilivu wake umeisha. Nikichelewa tena, nifungashe madaftari yangu. Ukifukuzwa mwaka wa sita katikati ya mwaka, hakuna shule itakayokupokea, na examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza shule, utaisikia redioni. Wenzangu wangemwagiwa poda kichwani kwa furaha ya kufaulu, nami ningekuwa ninawachotea maji ya kuioshea. Nilikuwa ninalala na wazo hilo na kuamka nalo.

Sasa, mwalimu wetu wa fizikia ni Madame Nshobole. Ni mtu wa upande wa Bukavu, anakaa mtaa wa Katindo, mfupi, sauti imekwaruzwa na chaki. Maabara ya shule yetu ni kabati, na ndani ya kabati mna buibui. Walimu wengine wanachofanya ni kutusomea na sisi tunaandika, mpaka vidole vinakufa ganzi. Madame hakutaka. Siku ya somo la puissance aliingia darasani mikono mitupu.

"Hii hamutaikopia," akasema. "Mutaipanda."

Alikuwa ameazima bidoni moja kwa mlinzi wa shule na mizani kwenye duka la maharage la jirani. Akatutoa nje, mpaka kwenye ngazi za mawe zinazotoka uani kwenda madarasa ya juu. Akamwuliza Patricia, jirani yangu wa dawati, alikula nini asubuhi.

"Fufu ya jana, Madame."

"Bon. Ile njo akiba yako. Énergie iko imelala ndani ya mwili. Ukibeba hii mayi mpaka kule juu, énergie inahama. Ingine inaenda kukaa ndani ya mayi, sababu mayi sasa iko fasi ya juu, na siku ikianguka utaiona. Ingine inakuwa joto, njo maana unatoka jasho. Hakuna yenye inapotea. Inahama tu nyumba."

Kisha akatufafanulia hesabu. Uzito mara urefu wa ngazi, hiyo ndiyo kazi uliyoifanya. Kazi ukiigawanya kwa muda ulioutumia, unapata puissance yako. Polepole au mbio, kazi haibadiliki. Kinachobadilika ni puissance. Alisema hivyo haraka, akashika simu yake ipime muda.

Wa kwanza kujitokeza alikuwa Dieudonné, mtoto wa Papa Zihindula, yule tajiri wa simenti ambaye ni rais wa komite ya wazazi. Dieudonné ni mkubwa, mabega kama mlango, anacheza basketi. Tulimpima kwenye mizani ya maharage akiwa amejivuna. Akainua bidoni kwa mkono mmoja, akapanda ngazi tatu kwa madaha, ya nne akabadilisha mkono, katikati akasimama kuvuta pumzi na kujifanya anatusalimia.

Mimi nilifunga kamba, nikaiweka kwenye paji la uso, nikainama. Wavulana wakacheka. Walikuwa bado wanacheka nilipofika juu.

Madame aliandika hesabu ukutani kwa chaki. Yangu ilikuwa imeizidi ya Dieudonné karibu mara mbili.

"Madame, huyu ni mwepesi," Dieudonné akalalamika. "Amejibeba mwenyewe kidogo."

"Weye ukiwa muzito, hesabu inakusaidia, haikuonei. Lakini sawa, tutoe miili, tuhesabu mayi peke yake."

Tukahesabu maji peke yake. Nikamzidi zaidi. Darasa zima likapiga kelele na kunibatiza jina la Groupe, kama ile mashine ya petroli inayowasha taa umeme ukikatika. Nilijifanya nimekasirika. Uongo mtupu. Nilifurahi mpaka masikio yakawaka moto.

Dieudonné akataka kurudia. Akapanda tena na bidoni, safari hii kwa hasira, na ndipo bahati mbaya ilipopita barabarani. Baba yake alikuwa ndani ya jeep yake, dirisha wazi. Akamwona mwanawe wa kwanza, na jasho, amebeba maji, na mwalimu amesimama chini akihesabu.

Lazima niseme kitu hapa. Hakuna mzazi wa Goma asiyemjua mwalimu anayewatumikisha watoto. Kuna aliyewachotesha maji ya kufyatulia matofali yake, kuna aliyewavunjisha kokoto za nyumba yake na kuiita sayansi. Kwa hiyo Papa Zihindula hakusimama kuuliza. Alichokiona alikuwa ameshakijua. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba Madame Nshobole anawabebesha watoto wa watu maji mpaka kwake Katindo.

Kesho yake Préfet akaniita ofisini. Nikajua nimekwisha.

"Saumu, kaa."

Hajawahi kuniambia nikae. Nikakaa kwenye ncha ya kiti.

"Ile mayi Madame alibabebesha, ilienda kwake. Si vile?"

"Hapana, Monsieur le Préfet."

"Fikiri muzuri. Samedi kuko mukutano ya bazazi, na Papa Zihindula anataka kusikia mwanafunzi. Weye unajua kusema. Ukisema vile batu bote banajua, miye nitasahau mambo yako ya kuchelewa. Portail haitakufungia tena. Utamaliza sixième yako muzuri."

"Na Madame?"

"Madame ni mutu mukubwa. Atapata kazi fasi ingine."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionichefua. Mtu huyu alikuwa ameniona nikipiga magoti kwenye kokoto za lango lake bila kulitaja jina langu kwa upole hata siku moja, na leo amelitaja kwa sababu ana uongo wa kubebwa na anatafuta mgongo. Nikamwambia nitafikiri. Sikufikiri hata kidogo, niliogopa tu.

Nyumbani nilimweleza Papa. Alikuwa uani, anasafisha kofia yake kwa brashi ya kiatu.

"Sema kile banataka," akasema. "Maneno haina kilo, mutoto wangu. Unaisema, unaishusha, unaenda zako. Diplome njo iko na kilo."

"Papa, watamfukuza Madame."

"Ule Madame atakulisha? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu langu limezoea mawe," nikamjibu, nikaondoka kabla hajanirushia ile brashi.

Penye wengi hapaharibiki neno, wanasema. Aliyesema hivyo hajakaa kwenye mkutano wa wazazi wa shule yetu. Jumamosi chumba cha juu kilijaa mpaka madirishani. Wababa mbele, kwenye viti, wamama nyuma, kwenye madawati, na wengine wamesimama na watoto mgongoni. Papa alikaa mstari wa tatu na kofia yake safi. Dieudonné na wenzetu wachache walijibana kwenye mlango.

Papa Zihindula alisema ameona kwa macho yake mawili. Alisema yeye hakujenga ofisi ya shule hii ili mwanawe awe punda. Wababa wakatikisa vichwa. Préfet akamwuliza Madame kama ni kweli aliwabebesha watoto maji.

Madame akasimama. "Ni kweli. Na wiki yenye kuja nitababebesha tena."

Chumba kikachemka. Préfet akainua mkono, uso wa huruma, akasema tusiwe wepesi wa kuhukumu, tumsikilize mtoto mwenyewe. Akaniangalia. Nikasimama.

"Madame alitubebesha mayi," nikasema.

Papa Zihindula akapiga paja lake. "Munasikia?"

"Tulipandisha kwa ngazi, mpaka hapa juu. Halafu tukaishusha chini."

Papa Zihindula akaondoa mkono pajani.

"Mukaishusha sababu ya nini?" akauliza mzazi mmoja.

"Sababu mwengine naye aipandishe."

"Bon. Basi ilipika nini?"

"Haikupika kitu, Papa."

"Ilifua?"

"Haikufua. Ni bidoni moja tu, na mayi ni ileile. Iko chini kwa sentinelle, ule mulinzi, mpaka leo, muende muione. Na Katindo ni mbali. Nani ataenda Katindo na bidoni kwa mugongo na kurudi kabla kengele ilie?"

Nilidhani nimemwokoa. Ole wangu. Walikasirika maradufu. Mwalimu mwizi wa maji wanamjua, wameshaishi naye. Lakini mwalimu anayepandisha maji ya watu juu na kuyashusha tena, kwenye mji huu ambao watu wanagombana kwa sababu ya maji, huyo hawakuwa na jina lake. Mzee mmoja akasema heri angeyaiba. Mwingine akauliza kama hii ni dini mpya.

Ndipo sauti ikatoka nyuma, ya Mama Shukuru, anayeuza dagaa wa sambaza karibu na ziwa. Mama yule akisema sokoni hata samaki wanasikia.

"Bamupatie mutoto nafasi. Weye, mulikuwa munatafuta nini ndani ya ile kupanda na kushuka?"

"Tulikuwa tunatafuta kujua kila mutu anatoaka nguvu ya kiasi gani, Mama. Kwa hesabu, si kwa kelele. Dieudonné tulimupima. Na miye walinipima."

"Na nani alishinda?"

"Miye."

Wamama wakacheka. Papa Zihindula akasema huo ni uongo wa mchana, mtoto mwanamke, mwembamba vile, kumshinda mwanawe. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Lakini Dieudonné, na hapa nampa haki yake, alisema palepale mlangoni, macho chini, "Njo vile, Papa. Na nilirudia."

Papa Zihindula akageuka kwangu. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Sasa ile nguvu unatoaka wapi?"

Swali dogo. Ningeweza kusema sijui, nikakaa, kila mtu akaenda kwake. Lakini kitu kilikuwa kimeshajaa ndani yangu tangu siku nyingi, na hakikutaka kukaa tena.

"Kwa mayi, Papa. Ninaichota kila asubuhi, mara mbili, kutoka kwa lac mpaka kwetu. Njo maana ninachelewaka. Benye kubaki inje ya portail ni sisi benye kubeba mayi, na batu benye kutupigisha magoti ni benye kuamka na kuikuta ndani ya beseni. Monsieur le Préfet aliniambia nikisema uongo juu ya Madame atanifungulia portail. Sisemi. Anifungie. Na kwetu, mujue, ninachota miye peke yangu, na Papa yangu analala."

Hilo la mwisho lilinitoka kabla sijaliangalia. Usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe, na mimi nilikuwa nimemwamsha mbele ya mtaa mzima. Papa hakugeuka. Niliona tu shingo yake, na kofia ikitoka kichwani polepole na kushuka mapajani.

Préfet alianza kusema kwamba mtoto huyu ana historia ya nidhamu mbaya. Hakuna aliyemsikiliza. Mama Shukuru alikuwa ameshasimama na kujifunga kitenge upya kiunoni.

"Ile bidoni iko wapi? Miye ninabeba tangu niko mutoto, hakuna mutu amenipatia namba. Ninataka yangu."

Akatoka. Mwingine akamfuata, kisha wakawa wote, na madawati ya nyuma yakabaki matupu. Madame Nshobole akawapita mbio kwenye mlango, simu mkononi. Tukabaki tukisikia vicheko vyao ngazini, na sauti yake iliyokwaruzika ikiita sekunde, na mtu akilalamika kwamba yeye hakupimwa vizuri kwa sababu ana mtoto mgongoni, amhesabie na mtoto. Akahesabiwa na mtoto. Wababa walikaa wakiangaliana, kisha mmoja mmoja wakaenda dirishani kutazama.

Mkutano uliishia hapo, bila mtu kuufunga. Madame alibaki na somo lake na bidoni yake. Lakini Préfet hakuwa mtu wa kushindwa mara mbili siku moja. Alinikuta chini ya ngazi, Papa yuko kando yangu, akasema kwa sauti ya kusikika na wote.

"Fizikia, afundishe vile anataka. Lakini portail ni portail. Saumu, lundi ukichelewa, usirudi hapa, hata na muzazi wako."

Papa alitembea mbele yangu mpaka nyumbani, haraka, kofia mkononi. Alipoingia uani ndipo akageuka.

"Umenivua nguo mbele ya batu."

"Nilisema kweli, Papa."

"Kweli iko na fasi yake."

"Fasi yake ilikuwa pale."

Nilingoja kofi. Halikuja. Alikaa kwenye jiwe lake, akaanza kukwangua matope makavu kwenye kiatu kwa kijiti. Nikaona kwamba nikinyamaza sasa nitanyamaza maisha yangu yote.

"Papa, lundi sitachota."

"Na mutoto atafuliwa na nini?"

"Sijui."

Mama alikuwa mlangoni ananyonyesha. Alimhamishia mtoto titi la pili, akaangalia ukuta. Hakuniambia nichote.

Jumatatu niliamka alfajiri kama kawaida, mwili haujui siasa. Nilisikia Papa akisali, nikamsikia akirudi kitandani. Niliogopa kweli. Sikumwogopa Papa sana, wala Préfet. Nilimwogopa mtoto akilia na Mama akigeuza bidoni juu chini kutafuta tone. Mara mbili nilishika kamba, mara mbili nikaiacha. Mwishoni nilizichukua bidoni zote mbili, nikazipanga mbele ya mlango wa chumba chao, zimeugusa kabisa, kamba juu yake. Yeyote atakayetoka lazima azisukume kwa mguu. Nikavaa sare, nikaondoka bila kuaga.

Nilifika wa kwanza. Préfet alikuwa anafungua kufuli. Aliangalia saa yake, akaniangalia mimi, akaangalia tena saa.

"Uko hapa," akasema.

"Niko hapa."

Fizikia ilikuwa saa ya kwanza. Darasa letu liko juu, na madirisha yake yanaangalia njia inayotoka ziwani na kupita mbele ya shule. Madame alikuwa anaandika ubaoni. Mimi nilikuwa nakopia bila kuona, ninasikia mtoto akilia ndani ya kichwa changu.

"Saumu," Patricia akanong'ona, akinigusa kwa kiwiko. "Ule si papa yako?"

Alikuwa yeye. Inaonekana alingoja mpaka wanawake wote watoke ziwani ndipo ashuke, asionwe na mtu. Kwa hiyo sasa njia ilikuwa tupu kabisa, naye yuko peke yake katikati, amevaa jaketi yake ya udereva na kofia yake ya Ijumaa, na shule nzima inamwona kupitia madirisha. Kamba hakuijua. Alibeba bidoni kwa mkono, imemvuta upande mmoja, kila hatua chache anabadilisha mkono, kisha anatua, anashika kiuno. Suruali ilikuwa imelowa mpaka gotini. Nyingine ilikuwa bado chini, ameiacha kwenye kona. Aliipandisha hii kipande kidogo, akaiweka, akashuka kuifuata ile.

Wavulana walijazana dirishani. Vicheko vikaanza. Mtu akaita, "Dereva, gari iko wapi?" na Papa akainua kichwa, akaona madirisha yote yale na vichwa vyote vile. Nilijua atatua na kurudi. Nilimjua Papa yangu. Ni mtu wa kupiga brashi kofia kabla ya kwenda kununua chumvi.

Hakurudi. Aliinama akachukua bidoni.

Alipofika mbele ya lango aliitua katikati ya njia. Préfet alikuwa pale, na wasichana wake waliochelewa wamepiga magoti kwenye kokoto. Papa alisimama akihema, jasho likidondoka kutoka kidevuni. Waliangaliana, yeye na Préfet. Kama walisemezana hatukusikia. Wasichana ndio waliosimama, mmoja kisha wote, bila ruhusa, wakampisha na bidoni yake.

"Puissance yake iko karibu zéro," Dieudonné akasema, ameshika saa yake. Hakusema kwa ubaya, nadhani. Alikuwa anahesabu.

"Na kazi?" nikamwuliza.

Akaendelea kuangalia saa yake.

"Dieudonné, amekuuliza," Madame akasema kutoka ubaoni, chaki mkononi. "Kazi?"

"Sawasawa na ya Saumu, Madame."

"Batoto, mukae sasa. Saumu, na weye ukae."

Wote wakakaa. Mimi sikukaa. Nilibaki nimesimama dirishani mpaka Papa alipoifikia kona ya kwetu na bidoni ya pili, na machozi yalikuwa yananitoka, mbele ya Dieudonné, mbele ya darasa zima, wala sikuyafuta, wala sikumwomba mtu ruhusa.